Futari ya Barazani

Bi Zuwena alikuwa hajafika hata kona ya kwanza ya matembezi yake ya jioni alipoitwa kutoka barazani kwa Bi Tatu, wanawake wamezunguka sinia la kaimati.

"Karibu, shoga! Jasho lote hilo, unafukuzwa?"

Daktari alishamwambia wazi: asipotembea na kuuzuia mdomo, kwa magoti yale mwakani atakuwa mtu wa kubebwa. Lakini mtaa huu, ukiwapita watu wanakula usionje, kesho jina lako ndilo kitoweo.

"Ahsanteni, nimefunga," akasema. Uongo ukamtoka mwepesi kama pumzi.

"Mashaallah! Sunna ya Alhamisi!" Bi Tatu akaruka, akamdaka mkono. "Basi hupiti hapa. Thawabu ya kukufuturisha ni yangu!"

Wakamkalisha katikati, mto mgongoni. Huyu akaagiza tambi kwake, yule viazi vya nazi, wa tatu mkate wa kumimina. Bi Zuwena akajaribu kuinuka. Goti likakataa, na mikono ya wenzake ikamrudisha kwa mapenzi.

"Tulia, mwenzetu, saumu imekuchosha."

Adhana ya magharibi ikaanza. Baraza zima likaacha kutafuna, na vidole vya Bi Tatu vikasimama mbele ya midomo ya Bi Zuwena, vimeshika tende inayochuruzika samli.