Fundo la Nane

"Kiguse kichaka hicho uone," mama mwenye nyumba alisema. "Nitakufukuza wewe na huo mkasi wako."

Fundi wa bustani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi, alicheka. Mwaka wa nane huu anaitwa hapa, kila mara tarehe ileile. Vichaka saba vya mbele ya nyumba alivikata usawa wa goti. Cha nane, kile cha karibu na mlango wa jikoni, kilikuwa na amri yake. Mama alitoka na kamba yenye mafundo, akainyoosha wima kando ya kichaka. "Kiache kifike hapa." Kila mwaka fundo moja zaidi.

Mtaani Mkasi aliinogesha habari hiyo mpaka watu wakashika mbavu. "Mumewe alifungasha virago, hata mlangoni mama hakumsindikiza. Kichaka kikipiga chafya, huyo, anaita fundi!"

Leo hakukuwa na kichekesho. Shina la kile cha nane lilikuwa limevaa ukoga wa kijani, na huko juu wadudu weupe kama pamba walikuwa wamejazana, sisimizi wakipishana kama wako sokoni. Mkasi aliusugua ukoga kwa brashi, akaosha majani kwa maji ya sabuni. Kisha akavunja kijiti cha juu. Kikavu, kama njiti ya kiberiti.

"Mama, tusidanganyane. Huku juu kumekwisha. Nikikata usawa wa kiuno, kitachipua tena. Nikikiacha hivi, mwezi hauishi, nacho kwisha habari yake."

"Mwaka huu kinatakiwa kifike sikioni kwangu."

"Kwani kuna mashindano?"

"Sikioni, fundi. Fundo nimeshalifunga."

Mama alikaa kwenye ngazi ya mlango, kamba mapajani, akakitazama kichaka kikidondosha matone ya sabuni.

"Njoo," mama alisema mwishowe.

Jikoni, kando ya mlango, kalenda ilining'inia chini chini, usawa wa kiuno. Mkasi alikuwa akimtania kila mwaka: "Mama, hiyo kalenda anaisoma paka?" Leo mama aliitoa kwenye msumari.

Nyuma yake kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na mwaka wake. Tarehe ilikuwa moja tu, ya leo. Pembeni ya mstari wa juu kabisa paliandikwa: *miaka sita*. Kutoka hapo kwenda juu, ukuta ulikuwa mtupu.

Mama alifungua mafundo ya kamba moja moja, yote manane. Akaikanyaga ncha yake, akainyoosha ukutani, akaibana kwa kidole kwenye ule mstari wa juu.

"Kata hapa, fundi," alisema. "Hapa ndipo marehemu mwanangu alipofika mwenyewe."