Uganga Tisini na Nane

Sirkka alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wake na beseni la maji ya moto, vidole vimechanika kwa sabuni. Kwenye kompyuta, katika mchezo wa mtandaoni, shujaa wa mdogo wake alikuwa akimfunga jeraha mwenzake aliyeraruliwa na joka. Pembeni paliandikwa: Uganga 98.

"Tisini na nane umeipataje?"

"Kwa kutibu tu, dada. Kila unayemtibu, inapanda kidogo. Miaka sita hiyo!" Alicheka. "Wenzangu wananiita mama yao."

Miaka sita. Mama yao wao wawili alipooza mwaka uleule, theluji ya kwanza ilipoanguka mjini kwao Kuopio.

Kengele ya mama ililia chumba cha pili.

"Dada, unaitwa."

"Leo nenda wewe. Mgeuze, umsafishe mgongo. Vidonda vimefunguka tena."

"Mimi?" Macho hayakutoka kwenye joka. "Sijawahi kumgeuza, dada. Wewe ndiye fundi."

Sirkka alimwekea beseni mapajani, maji yakamwagikia kibodi.

"Basi anza na moja," alisema, akaenda mlangoni kuvaa viatu vya theluji.

Kengele ililia tena.