Msasa wa Kibwana

Mikidadi alifumba macho, akapitisha shavu lake juu ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho. Katikati kitu kilimkwaruza. Akarudi kwenye msasa.

Asubuhi ile alikuwa amekwenda dukani kwa Noorali, aliyerudi jana yake kutoka Bagamoyo na mzigo mpya. Noorali alimtandazia msasa wa karatasi wa Kijerumani wa aina tatu: wa kukwaruza, wa kati, na ule laini ambao kidole hukaribia kuusahau. Mikidadi alichukua wote. Noorali akauliza ni kazi ya nani hiyo yenye heshima kiasi hicho.

"Atakayelala hapo ni Kibwana," alisema Mikidadi.

Noorali alikuwa amesikia njiani kwamba kijana wa fundi alishikwa na homa kwenye kazi ya reli, akalala siku tatu hajiwezi. Akapunguza sauti.

"Fundi, kitanda cha mgonjwa hakitaki urembo. Ukisugua sana, hata nzi atateleza hapo avunjike mguu."

"Si urembo, bwana. Sitaki kibanzi kimguse."

"Atalala muda mrefu?"

"Si mrefu."

Noorali akatazama chini, akasema Mungu ni mkubwa, akaongeza karatasi moja laini bila kuombwa.

Vipimo Mikidadi alikuwa amepewa. Mbao alipewa. Rangi nayo ilikuwa imekwisha kuletwa ndani ya kopo, nyekundu, wala si yeye aliyeichagua. Katika jambo lote lile, kitu pekee alichoachiwa kuchagua ni msasa.

Alianza na ule wa kukwaruza, akifuata nyuzi za mbao, maana ukizikata huota vibanzi. Akaja na wa kati. Alipoushika ule laini akasita. Mbao ikiwa kioo, rangi haishiki. Hubanduka, na ganda la rangi kavu huchoma kuliko kibanzi. Basi akaishia kwenye wa kati, akapaka mkono wa kwanza wa rangi, akauacha juani. Siku ya pili ndipo alipotumia ule laini, juu ya rangi yenyewe, polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

Mkewe, Mosi, hakuwa akila chochote. Tangu Kibwana alipochukuliwa Jumanne, alikuwa amempelekea uji mara mbili, na mara zote mbili uji ulirudi. Alhamisi alipanda mlimani peke yake mpaka kwenye miti ya misasa, akarudi na majani machanga katika pindo la kaniki. Kabla ya karatasi kuja, mafundi walimalizia kazi kwa majani ya mti huo; yaliyokomaa hukwaruza, machanga hulainisha.

Mosi aliinama, akalaza kifua chake juu ya ile rangi, akakaa hivyo kitambo.

"Hapa," alisema. "Penye mbavu."

Mikidadi akalowesha majani, akasugua penye mbavu. Mosi alimuuliza kama hakuna mtu mwingine wa kumwendea. Hakuwepo. Mikidadi alikwisha kwenda kwa kila anayeendewa, na kila mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akamsindikiza hadi mlangoni. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Inatosha sasa," Mosi akasema jua lilipokuwa likishuka.

"Bado kidogo," alisema Mikidadi.

Ijumaa asubuhi Kibwana alikuja kwa miguu yake mwenyewe katika uwanja wa boma, askari mmoja kulia, mwingine kushoto.

"Shikamoo, baba," alisema, akavua shati, akalala kifudifudi juu ya ule ubao mwekundu. Karani akasoma: siku tatu za kukosa kazi ya reli, viboko ishirini na tano.