Kadi ya Gilasi

"Maji, mjukuu wangu," mama yangu alisema kutoka kitandani. Jumana akamtazama tu.

Binti yangu huyu anasoma chekechea hapa Nizwa, Omani, Kiingereza kitupu. Mwalimu alitwambia na nyumbani tuseme naye hicho hicho. Mama hana lugha ila Kiswahili cha Unguja. Siku hizi wanatazamana tu.

Mama akagusa midomo yake iliyokauka. Jumana akakimbilia mkoba wake, akatoa kadi za picha za darasani, akazipanga juu ya shuka: paka, mtende, jua, gilasi ya maji.

Kidole cha Mama kikatua juu ya gilasi. Jumana akaitaja kwa Kiingereza, akampigia bibi yake makofi kama mwalimu anavyowapigia wao darasani. Kisha akaiondoa kadi ile, akaweka nyingine, akangoja.

Nilikuwa mlangoni nikiona yote. Nikaenda jikoni, nikarudi na maji.

Mama akalamba midomo, akausukuma mkono wangu taratibu. Macho yake hayakutoka kwenye kadi.

"Weka hapo, mwanangu," alisema. "Leo ananisemesha."