Tepe Atega Masikio

Tepe alikuwa mtoto wa mbwa wa mbegu ndogo, na masikio yake yalilala kama mchicha uliokosa maji.

"Mama, nifanyeje yasimame?" alimwuliza Kuku, mlezi wa ua mzima.

"Yatege tu, mwanangu!"

Tepe alikuwa ameona watu wakitega ndege kwa ulimbo. Mbio akapaka ulimbo kwenye vijiti viwili, akayagandisha masikio. Yakasimama wima!

"Nitazameni jamani! Nimekuwa jibwa!" akabweka, akizunguka ua.

Kumbe ulimbo ulikuwa umemziba masikio. Kicheche akapita nyuma yake, akamdaka kifaranga. Kifaranga akalia wee, Tepe hakusikia lolote. Kuku ndiye aliyemrukia mwizi, akamnyang'anya mwanawe.

"Nilisema utege masikio, yaani usikilize!" akafoka, akiving'oa vijiti na ulimbo wote kwa mdomo.

Tepe akatulia kwa aibu. Mara, nyuma ya kuni, kitu kikachakura. Akasikiliza hadi akasahau kupumua.

"Huyo!" Akaruka. Kicheche akatimka, manyoya ya mkia yakabaki mdomoni mwa Tepe.

"Tepe! Masikio yamesimama!" vifaranga wakashangilia.

"Hebu nyamazeni," alisema Tepe. "Nasikiliza."