Breki kwa Jino

Fundi magari alikuwa amepanua kinywa, ulimi umekufa ganzi kwa sindano, huku jirani yake, daktari wa meno, akichokonoa jino bovu. Walikubaliana hivyo: breki kwa jino, hakuna kutoa hela.

“Mkeo kapita hapa sasa hivi,” daktari alisema. “Nimemwazima gari langu awapeleke watoto kwa bibi yao, kule mlimani. Breki si umefunga mpya kwa mkono wako? Wasiwasi wa nini?”

Fundi akakurupuka kitini. Kazi yenyewe ilikuwa ya bure, kwa hiyo zile breki pedi kuukuu alikuwa amezipiga msasa tu, akazirudisha.

Akamkamata daktari mkono. Kinywani kikatoka kilio kisicho na neno, na udenda.

“Tulia, fundi,” daktari alisema, akichukua sindano nyingine. “Najua inauma.”