Kapteni wa Saa Kumi na Moja

"Kapteni Bonareri? Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga bunduki," Sellah aliwaambia wateja wa kibanda chake cha chai pale Silibwet, birika mkononi. Wateja walipoacha kutafuna wamsikilize vizuri, akalegeza kidogo. "Sawa, si kupiga. Kuibeba. Na hata kuibeba, tulikuwa tunapokezana."

Hakuna aliyecheka. Kapteni Bonareri halikuwa jina la kuchekwa. Kila mtu alijua kwamba mama huyu alitoka jeshini akaingia redioni, na sasa kila siku saa kumi na moja alfajiri aliamsha watu wa majani chai, kuanzia Sotik hadi Sosiot, kwa amri za gwaride. "Wewe mama, simama wima! Ng'ombe atajikama? Wewe baba, nyuma geuka, tupa hilo blanketi!" Na wanaume wazima, ambao wake zao walikuwa wamewaamsha bure miaka yote ya ndoa, waliruka kutoka kitandani mara moja, wengine wakapiga saluti wakiwa na chupi. Heshima ni kitu kizuri.

Alipoulizwa alipigana wapi, Kapteni alijibu, "Hiyo ni siri ya serikali." Sellah alilipenda jibu hilo mpaka akalichukua likawa lake.

Kwa sababu Sellah, jamani, hakuwahi kuwa mwanajeshi. Miaka ile aliyopotelea Nakuru alikuwa dobi, akifua nguo za askari, kwa hivyo jeshi alilijua vizuri sana, lakini kupitia mifukoni. Uongo aliutunga baada ya kufiwa na mumewe. Shemeji yake Aron alikuwa ameanza kutembea jioni katikati ya majani chai ya marehemu, mikono nyuma, kama mtu anayechagua shati sokoni. Sellah akamwambia kwamba yeye alitumikia jeshi, na kwamba mkono wake wakati mwingine hujisahau. Tangu siku hiyo Aron, mtu mwenye busara, akagundua kuwa njia ya juu ina hewa safi zaidi.

Sasa kina mama wa Silibwet wakajinunulia mtambo wa kupoza maziwa, wakamwalika Kapteni aje kuufungua. Mgeni wa namna hiyo hapewi soda. Huvishwa majani ya sinendet shingoni, akanyweshwa mursik, yale maziwa ya mgando, kutoka kwa kibuyu, na anayemshikia kibuyu ni mtu wake wa karibu. Rodah, mwenyekiti wa kina mama, hakuona haja ya kupiga kura.

"Ni Sellah. Si ametuambia mwenyewe walilala hema moja?"

"Tumbo langu linanisumbua," Sellah akasema.

"Umepona vita, mama, ndio uangushwe na tumbo?"

Siku yenyewe Aron alifika wa kwanza na kuchukua kiti cha mbele, yeye ambaye kanisani hukaa karibu na mlango ili sadaka isimpate. Akamwinamia Sellah.

"Shemeji, leo nimekuja kusikia hivyo vita vyenu. Huyo mama akikosa kukujua, kesho asubuhi mimi na vikapu vyangu tutakuwa kwa majani ya ndugu yangu."

"Karibu," Sellah akamjibu. "Ukuje na miguu ya akiba."

Alisema hivyo, kisha akakaza kifuniko cha kibuyu ambacho tayari kilikuwa kimekazwa.

Gari jeupe likasimama. Kapteni akashuka na bereti kichwani, kifuani medali za kutosha vita vinne na chenji ikabaki. Kiptum, polisi wa akiba pale sokoni, akakaza mwili, akampigia saluti mpaka mshono wa suruali ukalia. Kapteni akampungia mkono kama mtu anayeaga shangazi.

"Mmeona?" watu wakaambiana. "Wakubwa wa kweli hawajivuni."

Rodah akashika maikrofoni. "Kapteni, tuna zawadi yako. Mwenzako wa jeshini, yule mliyelala hema moja, ako hapa! Sellah, toka mbele!"

Kapteni akasimama ghafla. Tabasamu likamkauka. Akamtazama Sellah kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, na Sellah akaona majani chai yake yakiondoka, mstari baada ya mstari, ndani ya vikapu vya Aron. Aron mwenyewe alikuwa ameshaanza kuinuka huku akisafisha koo.

"Sellah!" Kapteni akapasua sauti. "Mwenzangu wa hema!"

Akamkumbatia mpaka kibuyu kikakosa pa kupumulia. Kina mama wakapiga vigelegele, Kiptum akajifuta machozi, na Aron akaketi polepole, akavua kofia na kuiweka magotini.

"Nilikuwa najua," akamwambia jirani yake. "Sisi ni familia ya jeshi."

Sellah akainua kibuyu. Kwa nini mtu mkubwa vile amwokoe dobi? Ni huruma, akawaza. Mwanajeshi wa kweli ana moyo. Akaapa kimoyomoyo kutodanganya tena, angalau hadi Jumapili.

Kapteni akainama kunywa. Mashavu yao yakagusana, na ile sauti inayotoa wanaume kitandani ikatoka imekonda, ikitetemeka kwenye mdomo wa kibuyu.

"Dada yangu, wewe uliyekuwa huko kweli, niokoe. Huyo wa maikrofoni anakuja kuniuliza. Kambi yetu niseme ilikuwa wapi?"